Mkataba wa Hali Bora: Mwongozo Kamili wa Kujadili Mshahara Chini ya Sheria za Kazi za Tanzania Bara

Kati ya Julai 2013 na Januari 2023, kima cha chini cha mshahara katika sekta binafsi ya Tanzania Bara hakikuongezwa hata mara moja. Kwa miaka tisa na nusu, mfanyakazi ambaye kipato chake kilitegemea amri ya Serikali peke yake alibaki palepale, ilhali nauli, unga na kodi ya chumba havikumsubiri. Mwenzake aliyekuwa na chama chenye nguvu kazini alikuwa na mlango wa pili wa kubisha, nao ni majadiliano ya pamoja na mwajiri yanayoishia kwenye hati ambayo sisi huiita mkataba wa hali bora. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuufikia mlango huo, kuufungua, na kuhakikisha kwamba kinachoandikwa ndani yake kinalipwa. Nimeuandika nikiwafikiria zaidi viongozi wa matawi, lakini ofisa rasilimali watu anayetaka kujua anadaiwa nini kisheria ataona mambo yake humu pia.

Sheria mbili ndizo za kuwa nazo mezani: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, na Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004. Ya kwanza inaeleza haki, utambuzi wa chama, majadiliano na mgomo. Ya pili inaunda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), bodi za mishahara na mamlaka ya Kamishna wa Kazi. Ziongezee Kanuni za Utendaji Bora za 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, ambazo watu wengi huzipita ingawa ndizo zinazofafanua majadiliano yanavyopaswa kuendeshwa. Namba za vifungu ninazozitaja ni za Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ilivyopitishwa mwaka 2004. Anayetumia toleo la sheria zilizofanyiwa urekebu la 2023 azilinganishe kabla ya kuziandika kwenye barua. Zanzibar ina sheria zake, na watumishi wa umma wa Bara wana utaratibu wao wa majadiliano chini ya sheria ya mwaka 2003, kwa hiyo sitawazungumzia hapa.

Kwanza, jua sakafu iko wapi

Kima cha chini ni sakafu, na mkataba wa hali bora hujengwa juu yake. Bodi za mishahara hukaa kwa sekta, zikiwa na wawakilishi wa waajiri na wa wafanyakazi, na sheria inazitaka zipime mambo kama gharama za maisha, uwezo wa waajiri kuendesha shughuli zao, hali ya biashara ndogo na mpya, na mishahara ambayo tayari imefikiwa kwa makubaliano ya pamoja. Mapendekezo yao humfikia Waziri, naye hutoa Amri ya Mshahara. Amri za karibuni zilitolewa 2010, 2013, 2022 na 2025.

Amri ya 2025, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2026, ilitangazwa kwa takwimu iliyosambaa sana: ongezeko la asilimia 33.4, kutoka shilingi 275,060 hadi shilingi 358,322 kwa mwezi (ingawa ukizigawanya namba hizo mbili zenyewe unapata takribani asilimia 30.3). Takwimu hiyo ni wastani wa sekta zote. Haimaanishi kwamba kila mfanyakazi wa Bara hawezi kulipwa chini ya shilingi 358,322, wala haimaanishi kwamba kila sekta imepanda kwa theluthi moja. Sekta ya fedha na ya madini viwango vyake viko mbali na vya kilimo au kazi za majumbani. Hatua yenu ya kwanza kabisa, kabla ya kuita hata kikao cha tawi, ni kuchukua jedwali la Amri yenyewe, kutafuta sekta na sekta ndogo ya mwajiri wenu, na kuandika kiwango cha saa, cha siku, cha wiki na cha mwezi. Nimeona tawi likifika mezani likidai kima cha sekta ambayo si yake, na mwajiri akatumia kosa hilo moja kuwaaibisha wajumbe kwa kikao kizima.

Kama kuna mfanyakazi anayelipwa chini ya kiwango cha sekta yenu, hilo halijadiliwi. Huo ni uvunjaji wa sheria unaopelekwa kwa ofisa kazi au CMA kama dai. Kuliweka kwenye orodha ya mapendekezo ya mkataba ni sawa na kumpa mwajiri nafasi ya kuuza kitu ambacho tayari ni mali yenu.

Pili, hesabu watu mpaka hesabu isimame

Haki ya kujadili mshahara haitokani na ukubwa wa malalamiko. Inatokana na wingi. Kifungu cha 67 kinasema chama kilichosajiliwa kinachowakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi katika kitengo cha majadiliano, yaani kundi la wafanyakazi ambao mkataba utawahusu, kina haki ya kutambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano kwa kitengo hicho. Pale ambapo hakuna chama kimoja chenye wingi huo, vyama viwili au zaidi vinaweza kuungana na kuhesabiwa pamoja.

Tuchukue kiwanda chenye wafanyakazi 240. Kumi na sita kati yao ni mameneja waandamizi, ambao sheria hairuhusu wawe katika chama kinachowakilisha wafanyakazi walio chini yao. Mkikubaliana kuwaondoa, kitengo kinabaki na watu 224. Nusu yake ni 112, kwa hiyo mnahitaji 113. Sasa angalieni orodha ya wanachama. Mwanachama anayehesabika bila ubishi ni yule aliyejaza fomu TUF 6, fomu ya kumruhusu mwajiri amkate ada ya chama kwenye mshahara. Aliyepiga makofi mkutanoni, aliyeandika jina kwenye daftari, au aliyeahidi kujaza wiki ijayo hahesabiwi.

Hapa nina jambo langu mwenyewe la kukiri. Nikiwa katibu wa tawi, nilipeleka notisi ya utambuzi nikiwa na fomu zilizozidi nusu kwa watu watano tu. Mwajiri akatoa orodha ya mishahara ya mwezi huo, na tisa kati ya majina yangu yakawa ya watu walioacha kazi au kumaliza mkataba. Tulirudi nyuma miezi saba. Tangu hapo ushauri wangu ni kutokwenda na chini ya asilimia 60, na kuihakiki orodha ya wanachama kwa majina dhidi ya waliopo kazini wiki ileile ya kupeleka barua.

Swali lingine gumu ni la vibarua na walioajiriwa kupitia wakala wa ajira. Kibarua aliyeajiriwa na kiwanda chenyewe ni mfanyakazi wa kiwanda na anaingia katika hesabu. Aliyeletwa na wakala, ambaye mkataba na mshahara wake vinatoka kwa wakala, mwajiri atasema si wake, na mara nyingi hati zitamuunga mkono. Wasajilini hao kwa kumtazama wakala kama mwajiri anayejitegemea. Msiwategemee kufikia nusu ya kiwanda.

Mkiisha kuwa na wanachama, haki nyingine zinafuata hata kabla ya utambuzi: viongozi wa chama kuingia eneo la kazi kwa utaratibu unaokubalika, ada kukatwa na kupelekwa chamani ndani ya siku saba baada ya mwisho wa mwezi, na kuchagua wawakilishi wa tawi. Idadi ya wawakilishi inategemea wanachama: mmoja kwa wanachama 1 hadi 9, watatu kwa 10 hadi 20, kumi kwa 21 hadi 100, na kumi na watano kwa zaidi ya 100, ambapo angalau watano wawe wa kuwawakilisha wanawake.

Tatu, notisi ya utambuzi na siku thelathini

Chama, na si tawi kwa jina lake, hupeleka notisi kwa mwajiri kwa fomu iliyowekwa na kanuni. Ambatanisheni idadi ya wanachama, maelezo ya kitengo mnachokidai, na pendekezo la mkataba wa utambuzi. Mwajiri anatakiwa kukutana nanyi ndani ya siku 30. Pelekeni nakala mbili na mrudi na moja iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa sababu siku hizo 30 zinahesabiwa kutoka kwenye muhuri.

Mwajiri akinyamaza au mkikosa kuelewana kuhusu mipaka ya kitengo, mgogoro unapelekwa CMA kwa fomu CMA F.1 ili usuluhishwe, na usuluhishi ukishindikana Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndiyo inayoamua. Msiitishe mgomo kwa ajili ya utambuzi. Sheria imelitengenezea jambo hili njia yake ya mahakama, na mgomo wa aina hiyo utawanyima kinga mtakayoihitaji baadaye kwenye suala la mshahara wenyewe.

Utambuzi si wa milele. Wanachama wakipungua hadi chini ya nusu, mwajiri anaweza kukipa chama notisi ya miezi mitatu kirejeshe wingi wake, na kikishindwa anaondoa utambuzi. Ndiyo sababu kusajili wanachama ni kazi ya kila mwezi, hasa mahali penye mikataba ya muda maalumu ambako nusu ya wanachama wanaweza kuondoka kwa msimu mmoja.

Nne, taarifa na hesabu kabla ya maneno

Chama kilichotambuliwa kina haki, chini ya kifungu cha 70, ya kupewa taarifa zinazohitajika ili kijadili kwa ufanisi, isipokuwa zile zinazolindwa kisheria, za siri ambazo kufichuliwa kwake kutaleta madhara, au za binafsi za mfanyakazi asiyeridhia. Ombeni kwa maandishi, mkitaja vitu kimoja kimoja: idadi ya wafanyakazi kwa kila daraja, mshahara wa msingi wa chini na wa juu katika daraja, jumla ya mishahara kwa mwaka, malipo ya saa za ziada ya miezi kumi na miwili, na hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita. Ombi la jumla la “taarifa za fedha za kampuni” hujibiwa kwa barua ya jumla.

Sehemu hii ndiyo inayoamua kila kitu, na ndiyo matawi mengi huiendea mbiombio. Mfumuko wa bei unaotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu umekuwa mdogo. Kwa mwaka 2024 wastani wake ulikuwa asilimia 3.1. Atakayejenga dai lake lote juu ya mfumuko wa bei atapewa asilimia 3 na kushukuriwa kwa kuja. Dai linahitaji miguu mingine: uzalishaji ulivyopanda wakati idadi ya watu imebaki ileile, mishahara ya waajiri wengine wa sekta hiyohiyo wenye mikataba ya hali bora, na umbali kati ya madaraja.

Kisha fanyeni hesabu ya kile kinachofika mkononi. Mfanyakazi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 400,000, asiye na posho, anakatwa asilimia 10 ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), yaani 40,000. Kinachobaki cha kutozwa kodi ni 360,000. Shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi, na inayozidi hapo hadi 520,000 inatozwa asilimia 8, kwa hiyo kodi yake ni 7,200. Anabaki na 352,800 kabla ya ada ya chama. Mkimpatia nyongeza ya asilimia 10, mshahara unakuwa 440,000, NSSF 44,000, kodi 10,080, na mkononi 385,920. Nyongeza ya 40,000 iliyotangazwa imefika nyumbani ikiwa 33,120. Mwanachama asipoelezwa hivyo mapema, mwezi wa kwanza atakuja na hati yake ya mshahara akiuliza viongozi wamekula nini. Kwa upande wa mwajiri, 40,000 hiyo inamgharimu zaidi ya 40,000, kwani anaongeza 4,000 za mchango wake wa NSSF, shilingi 200 za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na tozo ya kuendeleza ujuzi kama anahusika nayo. Mjumbe anayezijua namba za upande wa pili husikilizwa tofauti.

Mshahara wa msingi au posho?

Mwajiri anapobanwa, mara nyingi hutoa posho: ya usafiri, ya nyumba, ya chakula. Fedha inaonekana ileile, lakini sheria haiioni hivyo. Malipo ya saa za ziada, posho ya kazi ya usiku na kiinua mgongo hukokotolewa kutokana na mshahara wa msingi.

Rudi kwa mfanyakazi wetu wa 400,000. Jedwali la Kwanza la Sheria linagawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333 mara saa za kawaida za wiki. Kwa saa 45, kiwango chake cha saa ni takribani shilingi 2,051, na saa ya ziada, inayolipwa mara moja na nusu, ni takribani 3,077. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka kumi. Anayefanya kazi siku sita kwa wiki na aliyetimiza miaka kumi angepata takribani shilingi 1,077,000. Nyongeza ya 40,000 ikiingia kwenye mshahara wa msingi, saa ya ziada inapanda hadi takribani 3,385 na kiinua mgongo hadi takribani 1,184,700. Ikiingia kama posho, vyote viwili havisogei hata senti. Mimi ningekubali nyongeza ndogo kwenye msingi kabla ya kubwa kidogo kwenye posho, isipokuwa pale posho inapolipia gharama halisi ambayo mfanyakazi anaitoa leo mfukoni, kama usafiri wa zamu ya usiku.

Tano, mapendekezo na mamlaka ya wajumbe

Itisheni mkutano wa wanachama, pigieni kura vipaumbele, na muandike kumbukumbu zinazosema wajumbe wanaruhusiwa kukubali nini bila kurudi kwa wanachama na nini lazima kirudi. Mjumbe anayekubali jambo mezani kisha akakataliwa na mkutano wake amepoteza uzito wake wote kwa kikao kinachofuata. Mapendekezo yafike kwa mwajiri kwa maandishi, vyema miezi mitatu kabla ya mkataba wa zamani kuisha na kabla bajeti yake haijafungwa. Mwajiri ambaye bajeti imepitishwa atawaambia “mmechelewa”, naye atakuwa anasema kweli.

Jambo la kuamua mapema ni umbo la nyongeza. Asilimia moja kwa wote inapendeza masikioni, lakini asilimia 10 ya 250,000 ni 25,000 na ya 1,500,000 ni 150,000, na mkataba wa tatu wa namna hiyo utakuwa umewatenga kabisa wa chini na wa juu. Kiasi kimoja kwa wote nacho huwakera mafundi, wanaoona ujuzi wao ukiyeyuka. Njia inayofanya kazi ni kuchanganya, na kifungu chake kinaweza kusomeka hivi:

“Kuanzia tarehe 1 Julai 2026, mshahara wa msingi wa kila mfanyakazi aliye katika kitengo cha majadiliano utaongezwa kwa shilingi 30,000 au kwa asilimia 9 ya mshahara wake wa msingi wa tarehe 30 Juni 2026, kwa kutumia kiasi kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili.”

Kwa maneno hayo, kila mwenye mshahara chini ya takribani shilingi 333,000 ananufaika na kiasi, na aliye juu yake ananufaika na asilimia. Angalieni pia kwamba kifungu kimetaja mshahara upi, wa tarehe ipi, na wa nani. “Mwajiri ataongeza mishahara kwa asilimia 9” ni sentensi inayozaa mgogoro kabla wino haujakauka.

Kifungu cha pili cha kupigania ni kile kinachohusu Amri mpya ya Mshahara ikija katikati ya mkataba. Tuseme kima cha sekta yenu kimepanda kutoka 200,000 hadi 260,000. Mfagizi aliyekuwa akilipwa 200,000 amepandishwa kwa nguvu ya sheria. Fundi mwenye miaka minane, aliyekuwa akilipwa 265,000, hajaguswa, na tofauti yake na mfagizi ambayo ilikuwa 65,000 sasa ni 5,000. Mwajiri hajavunja sheria yoyote, lakini ngazi ya mishahara mliyoijadili kwa miaka imebomoka. Andikeni kwamba Amri mpya ikipandisha daraja la chini, pande mbili zitakutana ndani ya muda uliotajwa, tuseme siku 30, kurekebisha madaraja ya juu ili tofauti kati yao zisipungue chini ya kiwango fulani.

Sita, mezani

Sheria inataka pande zote zijadili kwa nia njema. Maana yake ni kukutana kwa wakati, kuja na wajumbe wenye mamlaka, kujibu pendekezo kwa hoja, na kutowapita wawakilishi kwa kwenda kuwashawishi wafanyakazi mmoja mmoja. Haina maana kwamba mwajiri analazimika kukubali.

Anzeni kwa kukubaliana taratibu: nani mwenyekiti, vikao vingapi, nani anaandika kumbukumbu, na kwamba kila kipengele kikikubaliwa kinawekewa sahihi fupi hapohapo. Jadilini mambo yasiyo ya fedha kwanza, lakini msiyafunge yote. Likizo, sare na bima ya afya ni vitu vya kubadilishana pale mshahara unapokwama. Mwajiri akisema hana uwezo, mwambieni awaonyeshe hesabu zilizokaguliwa. Nimewahi kuona “hatuna uwezo” ikigeuka kuwa “tunaweza asilimia 6 kuanzia Oktoba” kwa swali hilo moja lililoulizwa kwa upole. Na wakati mwingine hesabu huonyesha kweli hawana uwezo. Hapo mkataba wa mwaka mmoja, wenye nyongeza ndogo na kifungu cha kurejea mezani mauzo yakifikia kiwango fulani, ni bora kuliko wa miaka miwili uliosainiwa kwa hasira.

Saba, mkikwama

Kutokuelewana kuhusu kiasi cha mshahara mpya ni mgogoro wa maslahi, tofauti na dai la mshahara ambao tayari ni haki. Unapelekwa CMA, ambayo ina siku 30 za kusuluhisha, zinazoweza kuongezwa kwa makubaliano. Usuluhishi ukishindikana, pande mbili zinaweza kukubaliana msuluhishi awe mwamuzi, au chama kianze safari ya mgomo.

Safari hiyo ina hatua zisizorukwa: muda wa usuluhishi uwe umeisha, kura ipigwe kwa mujibu wa katiba ya chama na wengi wa waliopiga kura waunge mkono, kisha mwajiri apewe notisi ya saa 48. Mgomo uliofuata hatua hizo unalindwa, na kumfukuza mtu kwa kushiriki ni kinyume cha sheria, ingawa mwajiri halazimiki kulipa mshahara wa siku hizo. Kupanga mstari wa kuzuia watu getini, kumfungia mwajiri ndani, au kwa upande wake kuajiri watu wa kuziba nafasi za waliogoma, vyote vimekatazwa. Huduma muhimu kama maji, umeme, afya, zimamoto na uongozaji wa ndege kwa kawaida hazina njia ya mgomo. Migogoro yao huamuliwa. Aliyefungwa na mkataba unaoshughulikia jambo hilohilo hana haki ya kugoma kwa ajili yake, na vivyo hivyo aliye chini ya Amri ya Mshahara inayolishughulikia jambo hilo, kwa mwaka wa kwanza wa Amri hiyo. Mwaka 2026 ni mwaka wa namna hiyo, kwa hiyo kiongozi wa tawi asome kifungu cha 76 na mwanasheria wa chama kabla hajatamka neno mgomo.

Nane, sahihi, nakala na malipo

Mkataba lazima uwe wa maandishi na uwe umesainiwa na pande zote. Unaanza kuzifunga pande hizo tarehe ya sahihi ya mwisho, isipokuwa wenyewe umetaja tarehe nyingine. Nakala hupelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Hapa tunatofautiana na jirani zetu wa Kenya, ambako mkataba wa pamoja hutekelezeka baada ya kusajiliwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Chama kikiwa wakala pekee, mkataba unamfunga na kumnufaisha kila aliye katika kitengo, mwanachama na asiye mwanachama. Ndiyo maana sheria inaruhusu mkataba wa ada ya uwakala, ambapo asiye mwanachama hukatwa ada inayoingia kwenye akaunti tofauti na kutumika kwa maslahi ya wafanyakazi wa mahali hapo pekee. Halazimishwi kujiunga. Jadilini ada hiyo katika kikao hichohicho cha mshahara. Baada ya nyongeza kulipwa hakuna atakayekuwa na haraka nayo.

Mwezi wa kwanza wa utekelezaji, kusanyeni hati za mshahara za angalau watu watano kutoka kila daraja na mzilinganishe na mkataba, mkianzia mshahara wa msingi, kisha kiwango cha saa ya ziada, kisha makato. Makosa ya mfumo wa malipo hujitokeza hapo, na mengi hurekebishwa kwa barua moja kwa mhasibu. Mgogoro wa tafsiri au utekelezaji wa mkataba unapelekwa CMA kwa usuluhishi, na ukishindikana unakwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Mfanyakazi mmoja mmoja anayedai malipo aliyopunjwa ana siku 60 tangu mgogoro ulipotokea kufungua shauri CMA, na akichelewa anahitaji kujaza CMA F.2 na kueleza sababu ya kila siku aliyochelewa. Asipokuwa na mkataba wa ajira wa maandishi asikate tamaa, kwa kuwa kifungu cha 15 kinamtwisha mwajiri aliyeshindwa kuonyesha maandishi mzigo wa kuthibitisha masharti anayoyabishia. Lakini hati za mshahara azitunze zote, pamoja na ile ya mwezi wa mwisho kabla ya nyongeza, kwani bila hiyo hakuna mahali pa kuanzia kuhesabu asilimia 9.